Ufunguo wa Kabati la Mofini (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha muuguzi wetu ofisini kwa matroni. Hesabu ya ampuli haikulingana na chati za wagonjwa, naye akakiri kwamba dawa za maumivu alikuwa akijichoma mwenyewe. Leo tumfuate katika njia ya kurudi kazini, kwa namna njia hiyo ilivyo Marekani, ambako imekanyagwa kwa zaidi ya miaka 40.

Awali mtu wa namna hiyo alifukuzwa na kunyang'anywa leseni, basi. Kwa hofu hiyo mraibu alijificha, na mwenzake aliyemwona akisinzia zamuni alinyamaza kwa kumwonea huruma. Waliolipia ukimya huo ni wagonjwa. Mwaka 1982 chama cha wauguzi cha nchi hiyo kilipitisha azimio la kutaka matibabu yatangulie adhabu. Mwaka uliofuata jimbo la Florida lilianzisha mpango wake wa kuwasaidia wauguzi hao, na majimbo mengine mengi yakafuata.

Kwa kawaida muuguzi anayeingia katika mpango huo husaini mkataba wa miaka 3 hadi 5. Kila siku hupiga simu au hufungua programu kwenye simu yake kuangalia kama zamu ya kupimwa imemwangukia. Ikimwangukia, siku hiyohiyo aende akatoe mkojo, hata kama mtoto anaumwa. Kipimo kimojawapo huonyesha alama za pombe siku kadhaa baada ya kunywa, tena ni chepesi mno kunasa, kiasi kwamba wauguzi huonywa wasitumie hata dawa za kusukutua mdomo zenye pombe. Wanaonywa pia kuhusu mikate yenye mbegu za popi, kwa kuwa mbegu hizo hubeba chembe za mofini.

Gumu zaidi ni sharti la kabati la dawa. Mara nyingi, kwa miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, haruhusiwi kushika dawa za jamii ya afyuni. Mgonjwa wake aliyetoka kupasuliwa anapolia kwa maumivu, hana budi kumwita mwenzake aje afungue kabati na kumchoma sindano. Akiita mara tatu kwa zamu moja, wodi nzima itajua sababu. Wapo wenzake watakaomsaidia kwa moyo, na wapo watakaonung'unika kwamba wamebebeshwa kazi ya watu wawili. Naliona sharti hili kuwa la haki, maana ndilo linalomlinda mgonjwa na kumlinda muuguzi mwenyewe. Lakini hospitali inayompokea bila kupanga nani atamshikia ufunguo inamwaibisha kila siku.

Kuna pia suala la fedha. Mikataba mingi humzuia kufanya zamu za usiku, saa za ziada na kazi za wakala, yaani palepale penye nyongeza ya mshahara. Wakati huohuo vipimo, kwa kawaida, anavilipia mfukoni mwake. Anayeshindwa kulipa anaweza kuhesabiwa amevunja mkataba, ingawa hajagusa dawa yoyote. Hapo naona umaskini unaadhibiwa kwa jina la uraibu.

Na lipo jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Tangu mwaka 2011 waraibu wa heroini hapa Tanzania wanatibiwa kwa methadoni katika hospitali ya Muhimbili. Wapo wanaokunywa dozi yao asubuhi kisha wakaenda kazini. Lakini huko Marekani, jimboni Indiana, bodi ya uuguzi ilikuwa ikiwafungia mlango wa mpango wa usaidizi wauguzi waliotumia dawa za kutibu uraibu wa afyuni, kama hiyo methadoni. Muuguzi alitakiwa kuiacha dawa iliyomwinua ndipo asaidiwe kusimama. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitamka kwamba bodi hiyo ilivunja sheria inayowalinda watu wenye ulemavu.

Wiki ijayo tutamgeukia msimamizi wa wodi, anayetakiwa kuandika ripoti za muuguzi huyu huku akiendelea kufanya naye kazi.