Ng'ombe Amezaa Salama, Lakini Damu Yake Inasemaje?

Ng'ombe wa maziwa akishazaa, macho yote humgeukia ndama. Kasimama? Kanyonya? Jike au dume? Mama mtu huwekewa maji, husafishiwa banda, kisha ndoo ya kukamulia inaletwa. Hapo ndipo hatari yake kubwa inapoanza, na kwa macho haionekani.

Chukua hesabu ya kalsiamu. Inayozunguka katika damu yake kwa wakati mmoja ni takribani gramu 3 tu. Kila lita ya dang'a hubeba gramu 2 hivi. Ukimkamua lita 10 siku ya kwanza, umechota gramu 20, karibu mara saba ya akiba iliyomo kwenye damu. Mwili lazima uikope kutoka kwenye mifupa na chakula, na kazi hiyo huchukua siku moja au mbili kushika kasi.

Kipimo cha kawaida cha kalsiamu ni milimoli 2.1 hadi 2.5 kwa lita. Kikishuka hadi 1.4 hivi, misuli hulegea, masikio huwa ya baridi, shingo hujikunja kuelekea ubavuni, na ng'ombe hainuki tena. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, jina linalopotosha wengi, kwa kuwa mgonjwa huyu mwili wake hupoa. Mwanzoni mwa karne ya 20, matabibu wa mifugo wa Denmark waliitibu kwa kupuliza hewa ndani ya kiwele. Wengi walipona, maana kiwele kilichojaa hewa huacha kuvuta kalsiamu. Mwaka 1925, Dryerre na Greig wa Scotland walieleza kwamba chanzo ni upungufu wa madini hayo katika damu.

Aliyeanguka huitiwa daktari. Ninaowahofia zaidi ni wale wenye 1.8 au 1.9. Wanasimama, wanakamuliwa, ila hawamalizi majani. Miongoni mwao kondo la nyuma hubaki mara nyingi zaidi, na mfuko wa uzazi huugua.

Njaa nyingine ni ya nguvu. Lita moja ya maziwa hudai gramu 70 hivi za glukosi. Anayetoa lita 20 anahitaji karibu kilo moja na nusu kwa siku, na ng'ombe hapati sukari nyingi moja kwa moja kutoka kwenye majani: ini lake ndilo huitengeneza. Wakati huohuo hamu ya kula bado haijarudi, hasa akiwa alinenepa kupita kiasi alipokuwa amekaushwa. Basi mwili huyeyusha mafuta yake wenyewe. Ini hulemewa, mengine hujazana humo humo, na mengine hugeuka kuwa ketoni. Ketoni kuu katika damu, beta-hidroksibutireti, ikifika milimoli 1.2 kwa lita, ng'ombe ana ketosisi iliyojificha hata kama anaonekana mzima.

Habari njema ni kwamba kipimo hiki hakihitaji maabara. Kifaa cha mkononi wanachotumia wagonjwa wa kisukari hutoa jibu kwa tone moja la damu, mradi kiwe cha aina inayopima ketoni na utumie vijiti vyake. Vijiti vya sukari havitakupa jibu hilo. Damu itolewe kwenye mshipa wa chini ya mkia, si ule mnene wa tumboni unaotoka kwenye kiwele, maana kiwele kimeshaibadilisha.

Akikutwa na 1.2 au zaidi, daktari wa mifugo huweza kuagiza anyweshwe propilini glaikoli, kwa kawaida mililita 300 kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Kalsiamu ya kwenye mshipa usijaribu kuichoma mwenyewe: ikiingia haraka husimamisha moyo.

Wafugaji wenzangu mlio kwenye vikundi, changeni mnunue kifaa kimoja. Kila ng'ombe anayezaa apimwe mara mbili ndani ya wiki mbili za kwanza, hata yule anayeonekana hana shida.