Programu Imetoka, Muhuri Umebaki

Msomaji mmoja wa Tanga ametuandikia kuuliza swali ambalo, kwa kadiri nionavyo, waulizaji wake ni wengi kuliko wajibuji wake. Kompyuta yake mpakato, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, ilikuwa ikimtolea matangazo ya viatu, ya dawa za kupunguza unene na ya michezo ya kubahatisha kila afunguapo kivinjari. Akaitafuta programu iliyohusika katika orodha ya programu zilizosakinishwa, akaiona, akaiondoa kwa mkono wake, akaizima mashine na kuiwasha tena, na matangazo yakarejea kana kwamba hapakutendeka jambo. Auliza: kitu kilichokwisha kuondolewa hunadi kwa kinywa gani?

Sitapoteza wakati wa wasomaji kwa kueleza tofauti baina ya virusi na minyoo na farasi wa Troya, mambo ambayo yameelezwa hata yakachujuka. Programu tunayoizungumza hapa ni ile ambayo riziki yake ni matangazo: hulipwa kwa kila tangazo lionwalo au libofywalo, na kwa ajili ya ujira huo hubadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, huyageuza maswali ya mtu yaende kwenye mtambo wa kutafuta asioujua, na hubandika bidhaa zake juu ya kurasa za watu wengine. Wako waiitao programu tangazo, na jina hilo lanikera kwa kuwa lafanya kama kwamba programu yenyewe ndiyo tangazo; wako wasemao programu ya matangazo, na hilo msikilizaji wa redio aweza kulidhania ni kipindi cha vifo na mikutano. Mimi nitamwita mnadi, kwa sababu kazi yake ni kunadi. Asiyelipenda na anisamehe, tuendelee.

Aghalabu mnadi huingia kwa idhini ya mwenye mashine. Mtu hupakua programu ya bure ya kuchezea video au ya kugeuza aina ya faili, na katika madirisha ya kusakinisha, baina ya vitufe vya kuendelea ambavyo amezoea kuvibofya bila kusoma, huwamo kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama ya vema kabla yeye hajafika, kikisema kwa herufi nyembamba kwamba amekubali kupokea na programu ya pili. Dawa yake ni kuchagua usakinishaji wa hiari badala ya ule wa haraka, ili visanduku vyote vionekane, kisha kuzifuta alama hizo moja moja. Ama programu za kuvunja kufuli ya leseni, zinazotembea katika diski mweko baina ya marafiki na mafundi, hizo humtaka mtu kwanza aizime kinga yake ya virusi ndipo zifanye kazi, na ombi hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kuzikataa.

Tukija kwenye swali lenyewe, yamkini matangazo ya msomaji wetu hayatoki katika programu yoyote. Ziko tovuti ambazo, kabla ya kumwonyesha mtu filamu au matokeo ya mpira aliyoyafuata, humwambia abofye neno Ruhusu ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Naye hubofya, asijue kwamba kitufe kile ni cha kivinjari chake mwenyewe, na kwamba alichokiruhusu ni tovuti hiyo kumpelekea arifa wakati wowote ipendapo. Tangu hapo vijidirisha hujitokeza katika pembe ya chini ya skrini, vikisema kwamba kompyuta yako ina virusi kumi na tatu au kwamba umeshinda simu, na mtu hutafuta programu ya kuondoa asiione, kwa kuwa hakuna. Afungue mipangilio ya kivinjari, aende sehemu ya arifa, atazame orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na kila asiyoitambua aifute.

Yako maficho mengine, nami nitayapita mbio kwa kuwa hayana utamu. Viendelezi vya kivinjari vikaguliwe, na ambacho hukumbuki kukiongeza kiondolewe. Ikoni ya kivinjari ibofywe kwa kitufe cha kulia na sifa zake zisomwe, maana wanadi wengine huongeza anwani ya tovuti yao mwishoni mwa mstari unaoita programu, hata ukawa ufunguapo Chrome waifungua na tovuti hiyo. Itazamwe ratiba ya kazi za Windows, ambamo mnadi huacha agizo la kujisakinisha upya kila siku saa fulani. Itazamwe seva ya wakala katika mipangilio ya mtandao. Na kivinjari kikiandika kwamba kinasimamiwa na shirika, ilhali mashine ni yako mwenyewe ya nyumbani, ujue kuna sera iliyopandwa. Programu iitwayo AdwCleaner, ya kampuni ya Malwarebytes, hutolewa bure nayo huyapitia mengi katika haya kwa dakika chache, na mwenye haraka aanze nayo.

Lakini lipo salio moja la mnadi ambalo kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu, na kisa chake kilicho dhahiri kuliko vyote kilitokea Marekani. Kuanzia mwaka 2014, kampuni ya Lenovo iliuza kompyuta mpakato za matumizi ya nyumbani ambazo zilikuwa zimetiwa, kabla ya kumfikia mnunuzi, mnadi aitwaye VisualDiscovery, aliyetengenezwa na kampuni ya Superfish ya California. Kazi yake ilikuwa hivi: mtu akipitisha kishale juu ya picha ya bidhaa katika duka la mtandaoni, kijidirisha humfungukia kikimwonyesha bidhaa zinazofanana na ile katika maduka yanayoilipa Superfish. Ili aweze kufanya hivyo ilimlazimu mnadi asome na kuhariri kurasa zinazopita baina ya kivinjari na tovuti. Na kurasa hizo, kwa wakati ule, zilikuwa zimeanza kusafiri zikiwa zimefumbwa kwa siri, asiweze mtu wa katikati kuona kitu ndani yake wala kuongeza kitu bila kivinjari kupiga kelele. Namna alivyolipita pingamizi hilo ni hila ambayo, ubaya wake ukiwekwa kando kwa muda, yastahili kutazamwa kwa utulivu.

Tuchukulie tajiri mmoja wa Lamu wa zama za majahazi, apokeaye barua za mali kutoka Maskati, Aden na Bombay. Waandishi wa barua hizo wengine hajawaona kwa macho, na mwandiko waweza kuigwa; kwa hivyo ameweka karani mlangoni, na karani amepewa daftari lenye chapa za mihuri ya makadhi wachache wanaoaminika. Barua ikifika, karani haulizi imesemaje. Hutazama muhuri uliomshuhudia mwandishi, hufungua daftari, hulinganisha, na muhuri ukiwamo humwambia bwana wake kwamba hii ni ya fulani kweli, na bwana huvunja nta akasoma kwa amani. Hata mwandishi asiyejulikana hupokewa, maadamu kadhi aliyemo daftarini amemshuhudia. Na kadhi huyo aweza kumpa naibu mamlaka ya kushuhudia kwa niaba yake, na naibu akampa mwingine, mlolongo ukarefuka, walakini mwisho wake hauna budi kufika kwenye chapa moja iliyomo daftarini. Sasa mtumishi wa nyumbani, ambaye hakuna aliyemdhania shari, amelifungua daftari usiku akagonga muhuri wake mwenyewe katika ukurasa ulio mtupu. Kutokea asubuhi yake huzipokea barua zote bandarini, huzifungua, huzisoma, hutia ndani vijikaratasi vya kunadi vitambaa vya duka limlipalo, huzifunga upya kwa nta mpya, na juu ya kila moja huandika jina la mwandishi wa asili na kuligonga kwa muhuri wake. Karani hutazama, hufungua daftari, na muhuri umo. Naye karani hana kosa hata kidogo. Ametenda kama alivyoamrishwa.

Karani huyo ni kivinjari, na daftari ni hifadhi ya vyeti vya mizizi iliyomo katika Windows, yenye vyeti vya mamlaka ambazo ulimwengu mzima umekubali kuziamini. Superfish, kwa kutumia programu iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine iitwayo Komodia, iliongeza cheti chake miongoni mwa hivyo. Mwenye mashine alipofungua tovuti ya benki yake aliiona ile alama ya kufuli kama ada. Ila angaliibofya kufuli hiyo na kusoma nani aliyetoa cheti, asingaliona jina la mamlaka yoyote mashuhuri bali Superfish, Inc. Ni watu wangapi hubofya kufuli?

Nami sina budi kusema neno juu ya muhuri wenyewe, kwa kuwa muhuri wa kompyuta si nta wala shaba bali ni hesabu, na hesabu yenyewe ni nzuri ajabu. Mamlaka ya vyeti huchagua namba tasa mbili kubwa mno, huzizidisha, huitangaza zao hadharani, na namba zenyewe huzificha. Mwenye kuzijua zile mbili aweza kutia juu ya cheti sahihi ambayo kila kompyuta duniani, kwa kutumia zao lililotangazwa tu, huihakiki katika muda mdogo kuliko wa kupepesa jicho. Ilhali asiyezijua hawezi kuitia sahihi hiyo mpaka alirejeshe zao lile katika namba zake mbili za asili, na kwa zao lenye urefu wa biti 2048, lililo la kawaida leo, hakuna aliyepata kuifanya kazi hiyo. Kuzidisha ni kazi ya mtoto wa shule, na kutengua kuzidisha kumewashinda mabingwa. Juu ya tofauti hiyo ndipo ilipokaa sehemu kubwa ya soko la mtandaoni. Na siri yote imo katika kuzificha namba mbili.

Superfish haikuweza kuzificha. Mnadi wake hutengeneza cheti kipya papo hapo kwa kila tovuti inayofunguliwa, kwa hivyo ilibidi ufunguo wa siri uwe pamoja naye ndani ya mashine. Na ufunguo huo, kwa uvivu usioelezeka, ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote. Tarehe 19 Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliichukua programu hiyo, akautoa ufunguo katika kumbukumbu yake, akaukuta umefungwa kwa nenosiri. Akayakusanya maneno yaliyomo ndani ya programu ile ile, akayajaribu moja baada ya moja kwa kompyuta, na kufuli likafunguka. Nenosiri lilikuwa komodia. Kuanzia hapo, yeyote aliyekaa katika mkahawa mmoja na mwenye kompyuta hiyo, akiushika mtandao wa pale, aliweza kujifanya benki yake, kufuli likaonekana, na kivinjari kisinong'one. Na zaidi ya hayo, mnadi hakuwa akihakiki ipasavyo vyeti vya tovuti kabla ya kuvibadilisha na vyake, hata tovuti ya ulaghai, ambayo kivinjari kingaliikataa, iliweza kupita ikiwa imetakaswa.

Na hilo ndilo salio nililolitaja, maana watu waliokwenda kwenye orodha ya programu wakaiondoa VisualDiscovery waliyaondoa matangazo, na cheti kikabaki mahali pake kikiaminiwa. Siku ya pili baada ya Graham kuupata ufunguo, Microsoft iliifunza kinga yake, Windows Defender, kuving'oa vyote viwili, na Lenovo nayo ikatoa chombo cha kazi hiyo hiyo. Mwaka 2017 Lenovo ilipatana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 32, ikalipa majimbo hayo dola 3,500,000, na ikakubali kuomba ridhaa ya mnunuzi kabla ya kumtilia programu ya namna hiyo.

Mwenye kutaka kukagua daftari lake aandike certlm.msc katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha afungue folda ya mamlaka za mizizi zinazoaminika na asome majina. Vyeti vya kiofisi na vya kinga za virusi vipo ambavyo vina haki ya kuwamo, basi usifute usichokijua kabla ya kulitafuta jina lake. Lakini jina la kampuni ya matangazo au ya kompyuta yenyewe latosha kutia shaka. Na kufuta cheti mara moja huenda kusitoshe: mnamo Novemba 2015 kompyuta za Dell zilikutwa na cheti kiitwacho eDellRoot, kilichowekwa kwa ajili ya huduma na si kwa matangazo, nacho pia kikiwa na ufunguo wake wa siri mle mle ndani, na waliokifuta walikiona kimerejea baada ya kuwasha mashine, kwa kuwa faili la programu iliyokileta lilikuwa bado limo, ikabidi faili lifutwe kwanza, ndipo cheti kitoke kabisa. Na watumiaji wa Firefox wasiishie katika Windows, kwa sababu kivinjari hicho kina daftari lake chenyewe, katika mipangilio ya faragha na usalama, na Superfish ilijiandikisha humo pia. Orodha yake huonyesha ni kipi kilichojengwa ndani ya Firefox na ni kipi kilichoongezwa baadaye, na hivi vya pili ndivyo vya kusomwa kwa makini.