Udongo uliokula plau za Kongwa

Kongwa, mkoani Dodoma, mvua ikikatika ardhi hukakamaa kama zege. Waingereza walilijua hilo wakiwa wamechelewa. Mwaka 1947 walianza mradi mkubwa wa karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Chembe kali za mchanga zilizomo katika udongo ule mwekundu wa mfinyanzi zikasaga plau za trekta, na karanga zilizokomaa zikang'ang'ania ardhini zisichimbike. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, umeshameza pauni milioni 36 hivi. Mvua haba na mitambo chakavu vilichangia, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imekaguliwa kwa wiki chache tu mwaka 1946, tena sehemu yake kwa ndege.

Kinachokera ni kwamba elimu ilikuwepo nchini humu humu. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Geoffrey Milne alikuwa ameshachora ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki, iliyotoka mwaka 1936. Ni yeye aliyeeleza mpangilio aliouita katena: ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni, aina za udongo hufuatana kwa utaratibu uleule, kilima baada ya kilima. Wasukuma wala hawakumsubiri. Luseni, udongo wa kichanga wa mteremkoni, wanaupanda mihogo na karanga. Itogolo ina tabaka gumu chini linalozuia maji, basi huko wanachimba majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, nyeusi, inayopasuka nyufa kiangazi na kunata masika.

Mpima udongo naye huanza na sururu. Anachimba shimo la kumfika kifuani, anakwangua ukuta wake kwa kisu, analinganisha rangi ya kila tabaka na kitabu cha rangi cha Munsell. Kisha analowesha donge na kulisukuma kwa kidole gumba: likitoa utepe mrefu usiokatika, mfinyanzi ni mwingi.

Tatizo ni kipimo cha ramani. Ile ya dunia ya FAO na UNESCO ni ya 1:5,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 50. Inamfaa waziri. Kwa mkulima wa Usukumani, luseni yake na mbuga yake zimepakwa rangi moja, na ushauri wa mbolea unaotolewa kwa wilaya nzima unamkosea shamba mojawapo, pengine yote mawili.