Mwanya wa Kufumba na Kufumbua

Katika soko la samaki la Kashikishi, Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, simu ya mkononi ni pochi pia. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, yaani programu ya msingi inayoongoza simu, na kwa miaka mingi kiini hicho kilikuwa na ufa.

Phil Oester aliugundua 2016, ukaitwa Dirty COW. Programu ikitaka kuandika juu ya faili lililoruhusiwa kusomwa tu, kiini huipa nakala yake. Mhalifu aliyeutumia ufa huo aliendesha kazi mbili kwa mpigo: moja ikiandika, nyingine ikiamuru nakala itupwe. Zilirudiwa mara nyingi mno, hadi maandishi yakaangukia kwenye faili halisi. Ni sawa na kapu kubadilishwa mizanini wakati mpimaji ameinama kuandika uzito. Hapo mtumiaji wa kawaida hugeuka mwenye mamlaka yote.

Linus Torvalds, baba wa Linux, alikiri kuwa alijaribu kuuziba miaka 11 kabla, tena vibaya, na kiraka chake kikaondolewa. Ajabu, lakini kweli.

Mwaka 2017 programu hasidi ya ZNIU iliutumia ufa huo kushambulia simu za Android. Msomaji, fungua mipangilio ya simu yako: ikiwa sasisho la usalama ni la kabla ya Desemba 2016, usiweke pesa humo.