Sheria Iliyong'olewa Meno: Vishoka na Mafao ya Maveterani wa Marekani

Nchini Marekani, kumtoza mwanajeshi mstaafu pesa ili umwandalie dai lake la kwanza la fidia ya ulemavu ni kinyume cha sheria ya shirikisho. Anayemsaidia sharti awe na kibali cha Idara ya Maveterani, na hatua hiyo ya mwanzo aifanye bure. Hata hivyo, kampuni zisizo na kibali zinaifanya kazi hiyo mchana kweupe, zinajitangaza mitandaoni, na dai moja huweza kuziingizia maelfu ya dola. Katazo bado limo kwenye vitabu. Kilichoondoka ni adhabu, na iliondolewa na Bunge lenyewe.

Mwaka 1862, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiendelea, Bunge liliweka kikomo cha dola 5 kwa wakala anayeandaa dai la pensheni ya askari. Mwaka 1864 kikapanda hadi dola 10. Hofu ilikuwa kwamba mjane au majeruhi angefikishiwa hela yake ikiwa imeshamegwa njiani. Kiwango hicho kiliguswaguswa, lakini kilidumu katika sheria hadi 1988. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikitetea dhidi ya maveterani walioathiriwa na mionzi, waliolalamika kwamba kwa dola 10 hawapati wakili.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi, na Bunge likayasikia. Mwaka 1988 liliunda mahakama maalumu ya rufaa za maveterani na kuruhusu mawakili walipwe katika hatua za juu. Mwaka 2006 likaruhusu malipo mapema zaidi katika safari ya rufaa. Nia ilikuwa njema. Lakini marekebisho hayo ya 2006 yalifuta pia adhabu ya jinai kwa anayetoza kinyume cha sheria. Tangu hapo, silaha kuu ya Idara ni kumnyang'anya mkosaji kibali. Asiyekuwa nacho ananyang'anywa nini? Anaandikiwa barua ya kumtaka aache, anaisoma, anaendelea na biashara.

Mbinu yenyewe ni nyepesi. Kampuni haijiiti mwakilishi, inajiita mshauri. Inapanga nyaraka, inamwelekeza mteja kwa daktari wa kumpima, kisha mteja anaweka saini na kutuma mwenyewe. Kwenye faili la Idara jina la kampuni halionekani popote. Baadhi zimeripotiwa kutumia mitambo kupiga simu ya Idara kwa namba ya hifadhi ya jamii ya mteja, zijue kama malipo yamepanda, ili ankara itoke.

Tuipige hesabu hiyo ankara. Kwa viwango vya 2025, veterani asiye na mtegemezi aliyepimwa ulemavu wa asilimia 70 alilipwa kama dola 1,760 kwa mwezi. Wa asilimia 100, kama dola 3,830. Nyongeza ni dola 2,070. Kampuni inayotoza mara tano ya nyongeza ya mwezi inachukua dola 10,350. Wakili mwenye kibali, anayeingia baada ya uamuzi wa kwanza, kwa kawaida hupata asilimia 20 ya malimbikizo. Malimbikizo ya nyongeza hiyo yakiwa ya miezi sita, malipo yake hayafiki dola 2,500.

Kwa nini basi watu wanalipa? Vyama kama American Legion na Disabled American Veterans vinasaidia bure, na kaunti nyingi zina maofisa wa kazi hiyo. Ila fomu ni nyingi, na sheria ya PACT ya 2022, iliyopanua haki za waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani, ilileta wimbi la madai mapya. Kishoka, yaani dalali asiye na kibali, hustawi penye foleni, na Mtanzania aliyewahi kusubiri kuunganishiwa umeme hahitaji kufafanuliwa hilo.

Sasa Bunge limegawanyika. Muswada mmoja unataka kurudisha adhabu. Mwingine unataka kuzihalalisha kampuni hizo na kuziwekea kikomo cha mara tano ya nyongeza au dola 12,500. Jimbo la Louisiana lilifuata njia hiyo ya pili mwaka 2024. New Jersey ilikuwa imepiga marufuku malipo hayo mwaka 2023, ikaburutwa mahakamani kwa hoja ya uhuru wa kujieleza.

Watetezi wa kikomo wanasema veterani ni mtu mzima, ana haki ya kumlipa amtakaye. Hoja hiyo ina uzito pale tu anapojua kwamba huduma ileile ipo bure, na kwamba anayemlipa anaweza kuwajibishwa. Kikomo cha dola 12,500 hakimhakikishii lolote kati ya hayo; kinageuza kosa la jana kuwa bei halali ya leo. Adhabu irudi, na pamoja nayo ziongezwe fedha za kuajiri maofisa wa kaunti. Adhabu ikirudi peke yake, vishoka watabadilisha jina tu, maana foleni inayowalisha itakuwa bado ipo.