Je, Wajua? Kambi ya Mjapani ipo Afrika

Ukimtaja Mjapani huku kwetu Kilimanjaro, kuanzia Mkuu hadi Moshi mjini, watu hufikiria mpunga wa Chekereni, ule mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980, au Noah ya abiria yenye maandishi ya Kijapani bado mlangoni. Askari? Hata kidogo.

Je, wajua kwamba kituo pekee cha kudumu cha jeshi la Japani nje ya nchi yake kipo Jibuti? Kilifunguliwa mwaka 2011, jirani na uwanja wa ndege, kwa ajili ya ndege za doria dhidi ya maharamia wa Ghuba ya Aden.

Si jambo dogo. Kifungu cha 9 cha katiba ya Japani, iliyoanza kutumika mwaka 1947, kinakataa vita. Hata jeshi lenyewe huitwa Vikosi vya Kujilinda. Masharti yamelegezwa polepole, na mara kadhaa Afrika ndiyo imekuwa uwanja wa majaribio. Mwaka 1994 askari wake walikwenda Goma kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda. Mwaka 2012 wahandisi wake walianza kutengeneza barabara Juba. Huko, mwishoni mwa 2016, walipewa ruhusa ya kwanza ya kutumia silaha kuwaokoa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wakishambuliwa. Waliondoka mwaka uliofuata.

Silaha yao iliyozoeleka zaidi Nairobi ni tingatinga: tangu 2015 wakufunzi wa Kijapani wamewafundisha huko wanajeshi wa Afrika kuendesha mitambo ya ujenzi kwa ajili ya ulinzi wa amani.