Mazabodi ya bei nafuu: kagua Kariakoo, usije kujuta Nchelenge

Chisense ikishaanikwa na kujazwa kwenye magunia, safari yake huwa ndefu. Hutoka Nchelenge ikaenda Copperbelt, na nyingine huvuka Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Mitumbwi nayo hukata Ziwa Mweru kwenda Kilwa, upande wa Kongo. Biashara hiyo yote inahitaji karatasi: risiti, fomu, nakala za vitambulisho, picha ndogo za paspoti. Kwa hiyo kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale soko la Kashikishi kina kazi, ilimradi kompyuta yake iwake.

Kompyuta yenyewe mara nyingi ni ya mtumba, iliyokwisha fanya kazi ofisini ng'ambo. Siku inapogoma, fundi hutoa hukumu: ubao mama umekufa, ule ambao wengi tunauita mazabodi. Ndipo wewe mfanyabiashara unayekwenda Dar es Salaam unapoombwa, "Nitafutie ya bei nafuu, tena ile ya kupandisha kasi."

Ombi hilo linaweza kukutia hasara. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha mpaka, na kuvusha mzigo kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini waranti ya duka la Kariakoo haivuki mpaka na mzigo. Mazabodi isiyoingiliana na mashine ukiigundua Nchelenge, baada ya Kasama na Kawambwa, imeshakuwa mali yako.

Kwanza uliza kama mazabodi kweli imekufa. Kama mashine inawaka ila ni nzito, dawa huenda ikawa diski ya SSD na RAM ya kuongeza. Hata prosesa hubadilishwa bila kugusa ubao: mashine nyingi zenye i3 ya kizazi cha tatu hupokea i5 au i7 ya kizazi hicho hicho. Gharama yake ni ndogo, na hubebeka mfukoni.

Kama ubao umekufa kweli, jambo la kwanza ni soketi, yaani kiti cha prosesa. Kwa Intel, soketi 1155 ni ya kizazi cha pili na cha tatu, na 1150 ni ya cha nne. Soketi 1151 ina mtego: bodi zake za mwanzo hupokea kizazi cha sita na cha saba, na zile za namba 300, kama H310 na B360, hupokea cha nane na cha tisa. Jina la soketi ni moja, lakini prosesa hazibadilishani.

La pili ni RAM. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa kuwa pengo lake liko sehemu nyingine. La tatu ni pawa saplai. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ina plagi kuu ya pini 8, wakati mazabodi ya kawaida ya dukani inataka pini 24. Ukinunua ubao bila kujua hilo, utarudi kununua pawa saplai, pengine na kasha jipya.

Sasa tuje kwenye kupandisha kasi, kazi ambayo mafundi huiita ovakloki. Maana yake ni kuilazimisha prosesa ikimbie kupita kiwango cha kiwandani. Si kila ubao unaoruhusu. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na ubao wa jamii ya Z, kama Z97 au Z170. H81 na H110, ambazo ndizo rahisi, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa AMD Ryzen ya soketi AM4, bodi za B350 na B450 zinaruhusu, lakini A320 na A520 hapana. Tena Ryzen nyingi za zamani zisizo na herufi G hazitoi picha bila kadi ya picha. Hilo nalo liulize mapema.

Kasi hiyo ina bei yake. Prosesa ikitolewa GHz 3.4 hadi 4.2, na volti zikapandishwa kutoka 1.2 hadi 1.35, umeme inaoula huongezeka kwa zaidi ya nusu. Joto nalo hupanda. Mzigo wote huangukia sehemu ya ubao inayogawa umeme kwa prosesa, na bodi za bei ya chini hubania hapo hapo. Weka juu yake joto la Oktoba ziwani, vumbi la sokoni na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kibanda cha kuchapa hakihitaji haya. Pesa ya kutafuta kasi inunue stabilaiza au UPS.

Fikiria pia miaka ijayo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Anayenunua leo ubao wa kizazi cha nne ananunua kitu kilichokwisha pitwa.

Kabla ya kuondoka Nchelenge, piga picha ya ubao wa zamani, prosesa, RAM na plagi za pawa. Dukani, angalia kama pini za soketi zimepinda na kama kapasita zimevimba. Omba ubao uwashwe mbele yako mpaka picha itokee kwenye skrini, kisha dai risiti yenye namba ya ubao. Mwenye kibanda anangoja, na samaki wakifungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari hatakuwa na pesa ya kununua mara ya pili. Dakika 20 za kusubiri dukani ni fupi kuliko barabara ya kurudi.